Kontua za Mahale kwenye boneti ya Land Cruiser mkonga: kwa nini stika zinajikunja kabla ya mwaka kwisha?

#1 Mwalo wa Kibirizi

Wadau, habari za jioni. Nina swali lililoninyima raha tangu Oktoba, na nitalieleza kwa kirefu ili anayejibu asilazimike kubahatisha.

Nina Land Cruiser mkonga nyeupe ninayokwenda nayo Kasulu, Uvinza na mara mojamoja Mpanda. Mwezi Juni niliamua kuipamba kwa mkono wangu mwenyewe, si kwa picha ya simba wala kwa maneno kama ya kwenye mabasi, bali kwa mistari ya kontua (ile ya ramani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) ya Milima ya Mahale, iliyo kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Marehemu baba alikuwa mshika mnyororo wa wapima ardhi, na karatasi za ramani ndizo zilizokuwa mapambo ya sebule yetu, kwa hiyo jambo hili kwangu si urembo tu.

Data za mwinuko nilizipata bure kutoka kwenye vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Nilizifungua kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, nikachora mstari kila baada ya mita 100. Ziwa liko kwenye mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari na kilele cha Nkungwe kiko mita 2,462, hivyo nikapata mistari 17, kuanzia wa 800 hadi wa 2,400. Nilichapisha vipande kwenye karatasi za A3, nikaviunganisha, nikanakili kwa karatasi ya kaboni juu ya vinaili nyeusi (plastiki ya stika yenye gundi) niliyoinunua kwa mita hapa mjini, kisha nikakata kwa wembe juu ya kioo cha dirisha, barazani, kwa muda wa usiku tisa. Kila mstari una upana wa milimita nne, isipokuwa ule wa 1,000, wa 1,500 na wa 2,000, ambayo ni milimita saba.

Kufikia Oktoba mistari ya boneti ilianza kuharibika. Ukisogeza jicho karibu na mstari wa 2,000 unaona ukingo mwembamba wa gundi iliyobaki nje ya vinaili, mwembamba kama uzi wa kushonea, nao umenasa vumbi jekundu. Na pale mstari unapokata kona kali bondeni, ncha imenyanyuka na kujikunja kama ukucha. Milango iko salama, ila ubavu wa nyuma wa kulia umebanduka kipande cha urefu wa kiganja. Boneti, milango na ubavu nilivibandika siku moja, kwa vinaili ileile na kwa maji yaleyale ya sabuni. Kosa liko wapi?

#2 Fundi Bodi Mwanga

Kabla ya yote, tuambie kama boneti hiyo ilipulizwa rangi upya, na kama ilipulizwa, ilikaa siku ngapi kabla ya kubandikwa. Rangi mpya huendelea kutoa mvuke wa tina, kile kiyeyushi cha rangi, kwa majuma kadhaa hata kama ukiigusa unaiona kavu, na hapa kwetu wengi tunakausha kwa jua na upepo, bila tanuri. Ukiifunika kwa vinaili mapema, ule mvuke unatafuta njia ya kutokea, unatengeneza malengelenge madogo, na gundi inaacha kushika. Mimi mteja wa stika humwambia asubiri mwezi mzima.

#3 Stika za Ng'ambo

Nafanya kazi ya kukata stika hapa Tabora, na nadhani jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Vinaili ziko namna mbili. Moja hutengenezwa kwa kupitisha plastiki kati ya rola za moto na kuivuta hadi iwe bapa. Nyingine humiminwa ikiwa majimaji juu ya karatasi maalumu na kukaushwa kwenye tanuri bila kuvutwa. Ile ya rola hubaki na mvuto ndani yake, na kila inapopata joto hutaka kurudi kwenye umbo lake la zamani, yaani husinyaa. Ile ya kumimina haina mvuto huo, ni nyembamba zaidi, takriban milimita 0.05, ilhali ile ya rola aghalabu ni 0.07 au 0.08.

Ukingo wa gundi ulionasa vumbi ndio ushahidi. Gundi imebaki pale ulipoiweka. Plastiki ndiyo iliyorudi ndani. Hiyo inayouzwa kwa mita madukani mara nyingi ni ya rola, na inafaa kwa mabango na vioo vya duka, si kwa boneti.

#4 Fundi Bodi Mwanga

Ndugu yangu wa #3, hoja yako ni nzuri, lakini haielezi kwa nini milango imesalimika. Kama plastiki ni moja na tabia yake ni kusinyaa, ingesinyaa pote.

#5 Stika za Ng'ambo

Mlango umesimama, boneti imelala. Boneti inapigwa na jua la mchana moja kwa moja, na chini yake kuna injini ya dizeli inayochemka. Hata watengenezaji wa vinaili, wanapotaja muda wa kudumu, huupunguza sana kwa sehemu zilizolala. Ongeza hapo kwamba mistari yenyewe ni myeusi, nayo inakunywa joto kuliko rangi nyeupe iliyo kando yake.

#6 Dereva wa Uvinza

Naheshimu maelezo ya mafundi, lakini mimi nimeendesha njia ya Uvinza miaka mingi na ninachokiona kwanza ni jinsi magari yetu yanavyooshwa. Kijana wa kuosha anachanganya dizeli na maji, anapuliza chini ya gari na ndani ya boneti ili chuma king'ae, halafu kitambaa kilekile kinapita juu ya rangi. Dizeli hulainisha gundi. Baada ya hapo anakuja na pampu ya maji yenye nguvu, anaielekeza ukingoni mwa stika kwa karibu, na pale penye kona kali maji yanaingia chini yake kama kisu. Nilikuwa na mstari mwekundu ubavuni mwa pikapu, ukaondoka kwa siku moja ya namna hiyo.

#7 Kasulu Juu

Mmesahau mafuta ya kung'arishia. Watu wanapaka dashibodi na matairi dawa yenye silikoni, matone yanaruka, na silikoni haitoki kwa maji ya sabuni hata usugue vipi. Inatakiwa spiriti na kitambaa safi, tena unafuta mara mbili, na mara ya pili kwa kitambaa kingine. Mleta uzi ametaja maji ya sabuni tu, spiriti hakuitaja.

#8 Mwalo wa Kibirizi

Ahsanteni. Nitajibu yote kwa pamoja. Boneti ilipulizwa rangi upya mwezi Mei kwa sababu ya mikwaruzo, ikakauka juani, na nilibandika baada ya majuma matatu. Milango haikupulizwa. Dizeli sijawahi kuiruhusu kwenye gari langu. Pampu ya maji imetumika mara kadhaa. Spiriti nilitumia kwenye boneti na milango, lakini iliniishia nilipofika ubavu wa nyuma wa kulia, na hapo ndipo pale palipobanduka kipande cha kiganja. Mkuu wa #7, hapo umenigusa penyewe, ingawa boneti ilifutwa vizuri na ndiyo iliyoharibika zaidi.

#9 Fundi Bodi Mwanga

Majuma matatu! Nimeshasema.

#10 Stika za Ng'ambo

Mvuke wa rangi ungeleta malengelenge katikati ya mstari, si ukingo wa gundi pembeni. Mleta uzi, pitisha kidole juu ya mistari ya milimita saba utuambie kama kuna vipele.

#11 Mwalo wa Kibirizi

Nimepitisha asubuhi hii kabla ya jua kupanda. Vipele vipo, vidogo kama chembe za mtama, lakini viko kwenye mstari wa 1,000 na wa 1,500 tu. Kwenye mstari wa 2,000, wenye ukingo mpana zaidi wa gundi, hakuna hata kimoja.

#12 Isevya Mjini

Nimefuatilia uzi huu kwa hamu, ingawa naona watu wa Kigoma mnapenda kutuonyesha milima. Sisi Tabora tuko kwenye mita 1,200 hivi, na nchi yetu ni tambarare.

#13 Kasulu Juu

Ndiyo maana nyinyi mkichora kontua kila baada ya mita 100 gari zima litakuwa na mstari mmoja, tena utakuwa unatafuta pa kupita.

#14 Isevya Mjini

Mtani, ramani si milima peke yake. Pikapu yangu ina reli ubavuni kutoka Kigoma hadi Tabora, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, pamoja na Mto Malagarasi na madimbwi ya Moyowosi kwa rangi ya buluu. Nayo imenitesa kwa namna nyingine. Nilichora nusu ya magharibi na nusu ya mashariki kila moja peke yake, kwa gridi ya mita iliyo kwenye ramani za serikali, na nilipotaka kuziunganisha vipande havikukutana kabisa. Magharibi reli iliishia kwenye namba karibu na 833,000, mashariki ikaanzia karibu na 167,000. Nililazimika kuunganisha kwa macho, na mpaka leo kiungo kinaonekana kama reli iliyokatwa ikapindwa kidogo. Nani amewahi kukutana na jambo hili?

#15 Mpimaji Mstaafu

Mwanangu wa Isevya, umeuvuka mstari wa longitudo 30 mashariki bila kujua. Gridi ya UTM hugawa dunia katika kanda za digrii sita, na digrii 30 ndiyo mpaka kati ya kanda ya 35 na kanda ya 36. Mji wa Kigoma uko magharibi ya mpaka huo, Kasulu iko mashariki yake kwa umbali mdogo tu, na Tabora iko mbali ndani ya kanda ya 36. Kila kanda huhesabu mita kutoka kwenye mstari wake wa katikati uliopewa namba 500,000, ndiyo sababu namba zako ziliruka. Tena gridi hizo mbili haziko sambamba pale zinapokutana. Kwa latitudo yetu zimepishana kwa nusu digrii hivi, na hicho ndicho kipindo ulichokiona. Dawa yake ni kuchagua kanda moja kwa kazi yote, au kutumia longitudo na latitudo, kabla hujagusa wembe.

Angalia pia kipimo. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni takriban kilomita 350 kwa mstari ulionyooka, na kama umeziweka kwenye ubavu wa mita mbili, mstari wa milimita tatu unafunika zaidi ya nusu kilomita ya nchi. Reli yetu ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Hilo si kosa, maana kila ramani hukuza vitu ili vionekane, lakini usijaribu kuonyesha kila kona ndogo, kwa kuwa kona hizo ndizo zitakazobanduka kwanza.

Sasa kwa mleta uzi. Nimeitazama picha uliyoiweka ya pande mbili za gari. Upande wa kushoto ziwa liko mbele ya gari na milima iko nyuma yake, na ukisimama kuutazama, magharibi iko kushoto kwako kama inavyostahili. Upande wa kulia pia umeliweka ziwa mbele. Ili kulipata hivyo uliigeuza picha kama kwenye kioo. Matokeo yake, upande wa kulia wa gari lako unaonyesha mlima wenye ziwa mashariki yake. Umeihamishia Mahale ng'ambo ya Kongo.

#16 Mwalo wa Kibirizi

Shikamoo mzee. Nimetoka nje kuangalia, na ni kweli. Nimekaa na gari hili miezi mingi bila kuliona hilo, na baba angeliona kabla hajashuka kwenye ngazi. Niliona tu kwamba pande mbili zinapendeza zikifanana.

#17 Binti Malagarasi

Mimi sioni dhambi. Gari ni kitu chenye pande mbili zinazofanana, na jicho la mtazamaji linataka mistari itiririke kuelekea mbele pande zote. Hakuna atakayelitumia gari hili kutafuta njia ya kwenda Mahale. Hata vitambaa vyetu vina maua yanayotazamana.

#18 Mpimaji Mstaafu

Marahaba, Mwalo. Binti, ua likigeuzwa hubaki ua. Mwambao ukigeuzwa unakuwa mwambao wa mahali pasipokuwepo. Ila haja yako ya mistari kuelekea mbele ina njia ya halali: zungusha, usigeuze. Upande wa kulia, izungushe ramani nusu duara ili kusini iwe juu. Ziwa litakuja mbele ya gari, milima itakaa nyuma, na kila bonde litabaki upande wake wa kweli. Weka mshale mdogo wa kaskazini ukielekea chini, na anayejua kusoma ataelewa.

#19 Binti Malagarasi

Ramani ya kichwa chini itawachanganya watu zaidi kuliko ya kioo, mzee wangu. Lakini nimeipenda hoja.

#20 Mzawa wa Ujiji

Kwa kuwa mmefika kwenye mwambao, naomba niulize ni mwambao wa mwaka gani. Hapa Ujiji mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871, uko mbali na maji leo, ilhali wakati ule ziwa lilikuwa karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kwenye Mto Lukuga upande wa Kongo kilibomoka, maji yakatoka, na ziwa likashuka. Kisha miaka hii ya karibuni, kuanzia 2020, limepanda tena na kuzamisha sehemu za pwani, na Mwalo wa Kibirizi analijua hilo kuliko mimi. Vipimo vya Februari 2000 vinaonyesha ufuko ambao baadhi yake sasa uko chini ya maji. Kwa hiyo mzee anamlaumu kwa kugeuza mwambao ambao wenyewe haukai mahali pamoja.

#21 Mpimaji Mstaafu

Ziwa kupanda na kushuka ni habari ya mita chache. Kulihamisha kutoka magharibi kwenda mashariki ni habari nyingine.

#22 Kasulu Juu

Na kwa nini mistari iishie ufukweni? Mwalo, endelea nayo chini ya maji. Kina kikubwa cha Ziwa Tanganyika ni mita 1,470, maana yake sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Mistari ya buluu ikishuka kutoka kwenye boneti hadi kwenye bampa, gari litakuwa na uzuri wa ajabu.

#23 Mwalo wa Kibirizi

Nilitamani, lakini rada ile haipenyi maji, na kwenye data ziwa zima ni bapa kama meza. Inabidi kunakili kutoka kwenye ramani za vina, kama zile zilizotokana na uchunguzi wa Wabelgiji wa miaka ya 1946 na 1947. Nitakapobandua boneti nitaanza na hilo.

#24 Dereva wa Uvinza

Kabla hujaongeza chochote, kumbuka kadi ya gari ina sehemu ya rangi. Mimi nilisimamishwa kwenye kizuizi kwa sababu ya ule mstari mwekundu, nikaambiwa gari si jeupe tena. Nilieleza kwa adabu, nikaachiwa, lakini ilichukua saa nzima.

#25 Stika za Ng'ambo

Mstari juu ya nyeupe haubadilishi rangi ya gari. Kufunika gari zima kwa vinaili ya rangi nyingine ndiko kunakobadilisha, na hapo ni lazima mwenye gari akarekebishe kumbukumbu zake za usajili. Kwenye mistari, angalizo langu ni mawili: usifunike namba wala taa, na usichanganye kijani na kahawia kwa mtindo utakaofanana na kombati za jeshi.

Turudi kwenye swali. Mleta uzi, hukutuambia ulibandika saa ngapi.

#26 Mwalo wa Kibirizi

Boneti nilibandika saa saba mchana, uani, bila kivuli. Milango jioni.

#27 Stika za Ng'ambo

Basi hilo nalo limo. Chuma cha boneti juani hakishikiki kwa mkono. Vinaili inalainika, unaivuta kidogo bila kujua ili kuinyoosha kwenye kona, na ikipoa usiku inarudi. Ubandikaji mzuri ni asubuhi au kivulini, chuma kikiwa vuguvugu. Kwa wembe wa mkono, usiache kona yenye ncha hata moja. Zungusha kila ncha kama ukingo wa sarafu. Maji ya sabuni yawe matone machache tu, na uyasukume nje kwa kadi ya plastiki iliyovikwa kitambaa, kuanzia katikati.

#28 Fundi Bodi Mwanga

Yote hayo ni kweli, na bado vile vipele vya mtama vya #11 haviwezi kuelezwa na joto la saa saba.

#29 Stika za Ng'ambo

Vinaweza kuelezwa na maji ya sabuni yaliyonaswa chini ya mistari mipana, ambayo hayakupata pa kutokea.

#30 Dereva wa Uvinza

Na mstari wa 2,000, ulio mpana vilevile, mbona hauna kipele?

#31 Binti Malagarasi

Mimi nitaongeza jambo ambalo halitawasaidia. Kaka yangu ana Land Rover Kasulu. Alibandika ramani ya mto wetu juu ya boneti, kwa vinaili ya mita ya dukani, saa sita mchana, juu ya rangi iliyopulizwa juma lile lile, na nina hakika hajui spiriti ya kufutia ni kitu gani. Gari linaoshwa mtoni kwa omo. Huu ni mwaka wa tatu. Nimepita jana makusudi, nikakwaruza kwa ukucha kona kali kuliko zote, pale mto unapopinda kuelekea ziwani. Haikunyanyuka.

#32 Fundi Bodi Mwanga

Rangi gani? Alipuliza nani?

#33 Stika za Ng'ambo

Gari hulala kwenye banda au nje?

#34 Binti Malagarasi

Nje, chini ya mwembe. Fundi alikuwa yeye mwenyewe.

#35 Mwalo wa Kibirizi

Dada, gari hilo likiteremka Kigoma naomba unijulishe siku moja kabla. Nitakuja na kioo cha kukuzia na rula, na nitamwomba kaka yako ruhusa ya kupima ukingo wake. Upande wa kulia wa langu nimeanza kuubandua leo asubuhi, kivulini, kwa maji ya moto na ukucha, na karatasi mpya ya kontua iko juu ya kioo, kusini ikiwa juu.